Goti la Mama

Kambini kwetu mwezini ni marufuku mfanyakazi kusimulia habari za kwao. Siku ya kuripoti unamwachia mwenzako, naye ndiye huzisimulia mezani. Sikudhani aliachiwa zangu, nami nikaachiwa zake: mama yake, mbuzi wake mtoro, kifua kinachombana mama huyo. Sikuwa mtu wa sala, lakini nilijikuta namwombea yule mama kama wangu.

Niliporudi likizo, nilimwombea hata kabla ya chakula.

“Amina,” mama yangu akaitikia. “Na mimi, nani ananiombea huko?”

“Sikudhani, mama. Kila siku analiombea goti lako la kulia.”

Mama akacheka, huku akilisugua la kushoto.

“Kumbe ndiyo maana la kulia halijawahi kuniuma! Mwambie sasa ahamie huku.”