Magitaa Yanayosubiri

Kila mtoto akizaliwa huwekewa kichujio masikioni, nacho hufuta sauti yoyote inayoimba. Kwa hiyo albamu yangu ni ya ala tupu: magitaa na tarumbeta za muziki wa dansi wa zamani, na mlio wa cherehani badala ya ngoma. Kwenye santuri za zamani magitaa hufifia kila baada ya muda kidogo. Nikaiga kufifia kule, nikidhani ndio ufundi wenyewe.

Leo nimeimaliza. Nilimkimbilia jikoni Bibi Mwanamkuu, aliyezaliwa kabla ya vichujio, nikampigia wimbo mmoja. Akaacha kukuna nazi, akacheza. Magitaa yalipofifia midomo yake ikaanza kwenda, ikatulia yaliporudi.

“Bibi, ulikuwa unasema nini?”

“Naimba, mjukuu wangu. Umetuachia sisi waimbaji nafasi zetu zote.”

Nikaurudisha wimbo mwanzo, nikakazia macho midomo yake. Ikaenda tena, nami nikasikia magitaa tu.