Kitanda cha Sikudhani

Hospitali ya kufundishia haimpokei mwanafunzi wa udaktari mpaka familia yake ikubali kujaza kitanda kimoja muda wote wa masomo. Kitanda kitupu hakileti mapato, na hospitali ikifungwa, masomo nayo yamekwisha. Kwa hiyo ndugu hulala kwa zamu, wazima wa afya.

Sikudhani alitakiwa kuanza kesho. Zamu ya kwanza alipangiwa shangazi Mwajabu, naye amegoma.

"Nililala kitanda cha kaka yako alipokuwa akisoma," shangazi alifoka huku akimenya ndizi. "Niliingia mzima, nikatoka wamenikata kipande cha utumbo. Wale watoto wanaosomea udaktari lazima wajifunzie kwa mtu!"

"Shangazi, nafasi yangu atapewa mwingine."

"Basi kasome ualimu."

Sikudhani akazunguka jikoni, akifungua makabati na kuyafunga bila kutafuta kitu. Baba yuko safarini. Kaka hataki hata kusikia habari ya kile kitanda.

Ndipo mama akakohoa chumbani. Kilikuwa kikohozi kizito cha kifuani, na hakikukoma. Shangazi akaacha kumenya, wakatazamana.

"Pole, mama!" Sikudhani aliita, akashtuka kusikia sauti yake ilivyojaa furaha.