Kijivu cha Katikati

Memsahib alisimama mlangoni mwa bafu akitazama kuta nne za kijivu kizito alizomaliza kupaka Otiende.

“Nilichagua rangi ile ya katikati, Otiende. Wewe ni kipofu?”

“Nilifuata alama ya chaki uliyotia nyuma ya kibao cha rangi, Memsahib.”

Chaki hiyo niliifuta mimi, mtumishi wa ndani, juzi nikipangusa vibao vyake vitatu vya sampuli. Nikairudisha kwa kubahatisha, nyuma ya kibao kimojawapo.

“Kesho uwe umehama nyumba yako ya kambi ya wafanyakazi.”

Mke wa Otiende alikuwa na mimba ya miezi minane. Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi mkononi mwa Otiende, tone baada ya tone, juu ya kidole chake cha mguu. Akanigeukia.

“Dada, wewe ndiye unayepangusa humu. Si uliiona ile chaki?”

Nilifungua mdomo.

“Memsahib,” nikasema, “maji ya chai yamechemka.”