WiFi ya Mbau

"Hapana kubadilisha hata lettre moja," Mariette alisema. "Andika sawa ile ya Mbau."

Fundi Joyeuse aliinua vidole kutoka kwenye kompyuta yake. Tangu aanze kufunga WiFi katika nyumba za Butembo, alikuwa ameandika majina ya kila aina: ya makanisa, ya timu za mpira, hata tusi moja la kumkomoa jirani. Ila mteja anayetetemeka kwa ajili ya jina, huyo alikuwa wa kwanza.

"Mama, routeur ya Mbau si iliungua pamoja na nyumba?"

"Iliungua."

"Donc hii ni mupya. Tunaweza kuipa jina mupya, na code ya nguvu."

"Jina ni Ananie na Mariette. Code ni siku ya ndoa yetu. Andika, mwana yangu."

Joyeuse akaandika.

Ananie, mume wa Mariette, alikuwa amepotea tangu msimu wa kakao. Alikwenda shambani na mdogo wake Kitsa, na jioni Kitsa akarudi peke yake, pekupeku, shati limechanika. Waasi, alisema. Wamempeleka kaka yake porini na kila alichokuwa nacho, mpaka simu. Baadaye kijiji chao, Mbau, kikashambuliwa, nyumba ikateketea, na Mariette akakimbilia hapa Butembo, mtaa wa Kimemi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo Ananie hakuwahi kuiona.

Tangu hapo alimtumia mume wake ujumbe wa sauti kila siku. Kila ujumbe ulibaki na alama moja tu, maana yake umetumwa, haujafika.

"Unielezee tena," alisema. "Simu yake ikipita hapa?"

"Simu hapana kujua nyumba, mama. Inajua jina na code. Ikikuta vyote viwili ni sawa na vile ilizoea, inaingia yenyewe, hata kama haina SIM, hata kama mwenye kuibeba hajue. Mais lazima ikuwe imewaka, na ikuwe karibu. Pengine mpaka barabarani. Hapana zaidi."

"Mpaka barabarani inatosha."

Joyeuse alitaka kumwambia kwamba Butembo ina barabara nyingi. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu mama alikuwa ameshika waya wa ruta. Watu wanaotoroka porini hupitia mji huu, wengine hawakumbuki tena namba ya mtu yeyote. Kwa nini Ananie asiwe mmoja wao?

Tena siku zilikuwa zimemwishia Mariette. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua Ananie azikwe kesho. Kwa kuwa maiti haipo, wangezika shina la mgomba mahali pake, kama walivyomfanyia babu mmoja aliyechukuliwa na mto. Mgomba ukishafukiwa, basi mtu amekufa: hakuna wa kumtafuta tena, na shamba lake la kakao linapewa ndugu. Mchungaji alikunja uso lakini hakuzuia. Mariette aliwapigia wazee magoti, akalia mpaka sauti ikakauka. Wakamwambia alete alama moja tu kwamba mume wake bado anapumua.

Kitsa peke yake ndiye aliyemwinua kutoka chini siku hiyo. Na leo asubuhi alimpigia simu, sauti imejaa machozi.

"Shemeki, mugomba nitaukata mimi mwenyewe ku shamba yake. Sipendi mutu mwingine aukate. Nikishaufikisha kwako, nitapita kwa bale mafundi ba simu. Haka kangu ka torche kamechoka."

Mariette alimshukuru. Angemfanya nini? Mtu anayekuletea jeneza la mumeo kwa upole bado anakuletea jeneza.

Joyeuse aliweka ruta dirishani, upande wa barabara. Taa ikawa ya kijani. Akafungua ukurasa unaoonyesha simu zilizoingia, akamgeuzia Mariette kioo. Kulikuwa na jina moja: Mariette.

Wakakaa wakilitazama. Pikipiki zilipita, nyingine zikapita. Mariette alianza kuomba kimoyomoyo, kisha midomo ikamshinda.

"Mungu, hata akiwa kilema. Hata akiwa ameoa mwingine huko porini. Munirudishie tu."

Nje pikipiki moja ikapunguza mwendo. Jina la pili likatokea kwenye kioo.

"Mama," Joyeuse alisema polepole. "Kuko telephone ya pili. Inajiita Ananie."

Mariette hakutafuta viatu. Alipita kwenye matope ya uani akiwa amekunja kitenge mkononi, akavuta lango kwa nguvu zote.

Kitsa alikuwa amesimama hapo, shina la mgomba begani, maji yake yakimchuruzikia kwenye koti. Pikipiki iliyomleta ilikuwa inageuza kuondoka.

"Umekuja na nani?" Mariette aliuliza.

"Niko peke yangu, shemeki."

Akachungulia nyuma yake, kushoto, kulia. Barabarani palikuwa na mama mmoja tu, na beseni la majani ya sombe kichwani.

"Amefika," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kitsa, kaka yako iko hapa karibu. Tupa huo mugomba. Tumutafute."

Kitsa hakuutupa. Kisimu chake cha tochi kilikuwa kinaning'inia shingoni kwa kamba, kimya. Ni ndani ya koti ndimo kitu kilimoanza kulia, ujumbe mmoja, na mwingine, na mwingine, hadi sauti zikaanza kupandana.