Jalada la Pingamizi

Mwalimu aliingia ofisi ya ndoa akiwa na nguo nyeusi za msiba, na bibi harusi aliyekuwa akisubiri zamu yake akahamishia shada la maua mkono wa pili.

"Mama, umepotea," askari wa mlangoni akamwambia kwa upole. "Vyeti vya vifo ni ghorofani."

"Sijapotea. Nataka jalada la pingamizi. La miaka thelathini na mbili iliyopita."

Karani, binti wa miaka ishirini na kitu, aliinua macho. Siku hizi nani ana muda wa kupinga ndoa ya mtu? Tangazo linabandikwa ubaoni siku ishirini na moja, wapita njia wanasoma majina, wanatabasamu, wanakwenda zao. Zamani, ole wenu kama majina yenyewe yalionyesha rangi mbili.

"La kwako mwenyewe, mama?"

"La kwangu. Mimi na Mhindi mmoja, fundi wa redio. Siku ya kumi na tisa tulikuta tangazo letu limepigwa wino mwekundu: limepingwa. Tukauliza nani, tukaambiwa hatajwi."

"Anatajwa baada ya miaka thelathini," karani akasema. "Hili lilifunguka mwaka juzi. Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na uhakika ni nani."

Uhakika alikuwa nao tele, masikini. Baba yake alishasema mezani, mbele ya nyumba nzima, kwamba Mhindi hatamwita baba mkwe. Pingamizi lilipotokea, mzee akala kiapo kwamba kalamu hakuishika. Nani angemwamini? Fundi Redio mwenyewe alilia hapahapa kaunta, akasema, "Baba yako ametumaliza." Walipewa siku kumi na nne za kujibu. Mwalimu alitaka wajibu. Fundi akakataa, wasijidhalilishe. Mwezi uliofuata alifunga duka, akahama nchi pamoja na wazazi wake.

Mwalimu naye akahamia chumba kimoja karibu na shule, na tangu hapo hakumsalimia tena baba yake. Mzee alikuja mara tano. Alibisha hodi, akasimama, akaita jina lake la utotoni, akaapa tena kwamba si yeye, na binti yumo ndani anasahihisha hesabu za watoto wa watu. Mara ya sita hakuja. Chumba kikabaki na kitanda, meza, na kikombe kimoja, maana mgeni wa kumpa cha pili hakuwepo.

Lililomkata maini lilikuja miaka kumi baadaye. Mdogo wake aliolewa na Mhindi, daktari wa meno, na baba huyohuyo akacheza mpaka kiatu kikamtoka. Mwalimu alionyeshwa picha. Aliitazama, akairudisha. "Kumbe wino wake ulikuwa wangu peke yangu," alisema.

Leo asubuhi mdogo wake alipiga simu. "Dada, tunamzika saa kumi. Njoo jamani, hata ukisimama nyuma kabisa. Baba amekufa anakuulizia."

"Nitakuja kama jina lake halimo," Mwalimu alijibu. Saa ya ukutani sasa ilionyesha saa saba na robo.

Karani alikuwa amempa fomu ya maombi aijaze, na sasa alikuwa bado stoo akilitafuta jalada. Bibi harusi akaitwa. Bwana wake alikuwa Mchina mrefu, amelowa jasho mpaka kwenye kola, na nyuma yao mama wa binti na mama wa kijana wakasukumana kugombea kiti cha mbele. Lugha hawaelewani hata neno, lakini wanacheka kama waliosoma darasa moja. Hakuna aliyegeuka kuwashangaa. Mwalimu aliwaonea wivu, wivu mtupu wa msichana, akainamisha kichwa ili asionekane.

Karani alirudi na jalada, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Utasoma mwenyewe, mama?"

"Soma wewe, mwanangu. Na usinifiche kitu kwa kunionea huruma."

"Limeletwa siku ya kumi na nane," karani akasoma. "Sababu: ndoa hii itanitenga na ukoo." Akageuza ukurasa. "Jina la baba yako ni hili ulilojaza kwenye fomu ya maombi?"

"Ndilo hilo."

"Basi halimo. Sahihi si yake."

Mwalimu akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kumbe mzee wa watu alisema kweli pale mlangoni, mara zote tano. Machozi yakamtoka waziwazi, na hakuyafuta.

"Ni shangazi, basi," akasema. "Shangazi alikuwa na mdomo. Au kaka zake Fundi, wale hawakunipenda hata siku moja. Ni nani? Niambie nikawaambie makaburini, wote wasikie."

Karani alipitisha kidole juu ya mstari, akaurudia, kisha akaurudia tena.

"Mama, hapa wamemuuliza mpingaji uhusiano wake na wanaotaka kuoana," akasema taratibu. "Ameandika: bwana harusi."