Mlango Umemkana Bi Mishi

Aliyefeli darasa la kompyuta la mtaa hakuwa na amri juu ya mlango wake mwenyewe. Mlango ulimtii aliyefaulu. Bi Mishi aliponzwa na mazoea. Kwenye mtihani mashine ilimuuliza swali, mashoga zake, rafiki zake wa kahawa, wakamjibia kwa sauti moja, kama walivyosoma chuo cha Kurani tangu utoto. Mashine ikaandika: udanganyifu.

Mlango ukawa wa mkwewe, Saumu, aliyefaulu.

Alasiri mashoga wakaja na kahawa yao, hodi na vicheko.

"Wafungulie, mwanangu."

"Mama, hapa si kijiweni. Wakitoka hapa wanatuanika mtaa mzima."

"Nyumba nimejenga mimi!"

"Kujenga umejenga, kufaulu ndiyo hukufaulu."

Saumu akagusa simu. Mlango ukawaambia wageni, kwa sauti ya Bi Mishi, na kikohozi chake: "Nimewachoka. Msirudi tena."

Vicheko vikakatika. Bi Mishi akaupiga mlango kwa viganja. "Si mimi! Zena, si mimi!" Lakini mlango ulizuia maneno yake, ukapitisha kishindo tu.

"Na mlango anatubamizia!" Bi Zena akasema huko nje, na kandambili zikaanza kuondoka.