Ngazi ya Baba Askofu

“Ukishasema ‘milele’, funga mdomo,” mchumba wake alimwambia, huku akimnyooshea kola mbele ya lango la kwao. “Usieleze. Usifafanue. Shahidi anayefafanua ndiye anayepoteza kesi.”

Binti huyo alikuwa wakili, na mashahidi wake hawakuwa watu wa kutetereka. Daktari wa meno, yeye, alikuwa anatetereka tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wapanue vinywa, na leo cha kwake ndicho kilichokauka.

Shida yenyewe ungeitazama ungeiona ndogo. Baba wa binti alikuwa askofu, na mji mzima ulimjua kwa fundisho lake aliloliita Ngazi: Mungu Baba yuko juu, Mwana yuko chini yake akimtii tangu milele hata milele, na kwa mfano huohuo mume yuko juu, mke yuko chini. Kila aliyekuja kuposa kwake aliulizwa swali la Ngazi. Mhandisi mmoja aliyetangulia alijibu kwamba katika Utatu hakuna mkubwa wala mdogo. Alisindikizwa hadi nje chai yake ikiwa bado inafuka moshi.

Na daktari aliamini vilevile kama mhandisi. Tena si kuamini tu. Kila Jumapili aliwafundisha vijana wa kanisa lake kwamba Mungu ni mmoja na mapenzi yake ni mamoja, sasa nani amwamuru nani? Mwana alitii alipouvaa mwili, akawa mtu kati ya watu. Kuupeleka utii huo mpaka milele, aliwaambia, ni kumshusha cheo Bwana ili sisi wanaume tupate kisingizio cha kufuliwa soksi. Vijana waliangua kicheko. Leo yeye mwenyewe hakuona cha kuchekesha.

“Kwa hiyo niseme uongo?”

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” binti alisema. “Unanitaka, hunitaki?”

Alimtaka. Alimtaka hata usingizi ulikuwa umemhama. Wakaingia.

Sebule ilikuwa safi kiasi cha kumfanya mgeni aone haya kukaa. Askofu alikuwa pande la mtu, mwenye sauti ya kutikisa vikombe. Mkewe alileta chai, akamimina, akamsogezea mumewe kikombe kisha akaondoka na bakuli la sukari. Askofu alikitazama kikombe, akautazama mgongo wa mkewe, akanywa.

“Kijana,” alisema, “sina maswali mengi. Kazi unayo, afya unayo, meno ndiyo usiseme.” Hapo akageuza shingo kidogo kuelekea jikoni, akapaza sauti. “Nakuuliza moja tu! Mwana wa Mungu, katika enzi yake huko juu, ni sawa na Baba kwa mamlaka, au yuko chini yake?”

Mama akatokea mlangoni, sinia mkononi, akasimama.

Daktari aliwakumbuka vijana wake wa Jumapili. Alimkumbuka mhandisi na chai yake. Njia ya mwongo ni fupi, na hii aliiona kabisa inakoishia. Zaidi ya yote alimwonea haya Mungu mwenyewe, ambaye bila shaka alikuwa anasikiliza. Kisha akamtazama binti, aliyekaa wima, mikono magotini, akingoja shahidi wake aseme. Akapiga moyo konde.

“Yuko chini yake, Baba. Anamtii milele. Na mke amtii mumewe vivyo hivyo.”

Akafunga mdomo.

Askofu alimkazia macho. “Hata kabla ulimwengu haujaumbwa?”

“Milele, Baba.”

Pale mlangoni Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, uso umemkunjuka. Akamwita binti yake wakapakue chakula. Mlango wa jikoni ukafungwa nyuma yao.

Askofu akanyanyuka. Alinyata mpaka mlangoni, na mwili wake wote ule, akatega sikio, akanyata kurudi, akakaa ubavuni mwa daktari. Sauti ya kutikisa vikombe ilikuwa imegeuka mnong’ono.

“Nimepata habari za darasa lako la vijana. Maneno hutembea. Mpaka zile soksi zimenifikia.”

Maji yalimfika daktari shingoni. Lakini baada ya hofu ilimjia nafuu, kwa kuwa uongo ulikuwa umemkaa vibaya kooni.

“Nisamehe, Baba. Nimekudanganya ndani ya nyumba yako. Ninachoamini ni kilekile ninachofundisha. Kama ni kuondoka, naondoka, ila binti yako nampenda.”

“Kaa chini. Nani alikwambia ujibu hivi ulivyojibu?”

“Binti yako,” daktari alisema.

“Neno kwa neno?”

“Neno kwa neno. Akasema nikimaliza nisifafanue.”

Askofu alifumba macho, akashusha pumzi, mabega yake makubwa yakalegea. Akamshika mkwe wake mkono, akaubana.

“Mimi aliniambia mama yake,” alinong’ona. “Baba mkwe wangu alikuwa mkali, nami nilikuwa naamini kama wewe. Mzee alishafariki zamani, mwanangu, lakini mke wangu bado hajaniambia niache.”